Bustani ya nyumbani: jerbera haitaki kuzikwa

Mabibi wengi wanasikitika juu ya jambo moja: walinunua miche ya jerbera, wakaipanda kwa bidii, na kabla ya mwezi kwisha yote ilikwisha kuoza. Fedha imepotea, na bwana wa nyumba asema: «Nilikuambia, maua hayaliwi.» Leo twataka kuonyesha asili ya hasara hiyo.

Jerbera ni ua la Afrika. Kwao ni Afrika ya Kusini, upande wa Barberton, ambako Robert Jameson aliikusanya miaka ya 1880. Mwaka 1889 mtaalamu Joseph Hooker aliieleza kwa wenye elimu ya mimea, nayo ikapewa jina la Jameson. Tabia yake ni hii: hupenda jua, huchukia matope. Bali kwetu Kivu udongo mara nyingi ni mzito, na mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei.

Kwa hiyo, kwanza inueni tuta la sentimeta 20, penye jua. Changanyeni udongo na mchanga wa mto na samadi iliyooza kabisa. Msitie majivu mengi, maana yakizidi, mmea hukosa madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano.

Pili, tazameni moyo wa mmea, yaani mahali yatokapo majani yote. Lazima ubaki juu ya udongo. Ukifunikwa, maji hukaa humo, ukungu huingia, na mmea huoza. Mara nyingi hilo ndilo liualo miche. Kati ya mche na mche acheni sentimeta 30.

Tatu, mwagilieni asubuhi, chini, si juu ya majani.

Nne, mkitaka ua la mezani, msilikate kwa kisu. Shikeni kikonyo chini kabisa, mkipindue kidogo na kukivuta. Kipande kinachobaki huoza, na uozo hufika moyoni. Katika chombo tieni maji machache, kwani kikonyo chake huoza upesi.

Baada ya miaka miwili au mitatu, chimbueni shina, mligawanye, kila kipande kiwe na mizizi na majani yake. Hapo hamtanunua tena, na jirani atapata wake.

Nanyi watoto wa masomo, lipasueni ua moja mlitazame vema. Mtaona kwamba si ua moja, bali ni maua madogo mengi yaliyokusanyika juu ya kikonyo kimoja.

Bwana alalamikaye ana haki: maharagwe na lengalenga kwanza. Lakini tuta la mita moja na nusu mbele ya mlango latosha miche mitano, wala halinyang'anyi chakula cha mtu.

Basi, mwenye miche iliyozama asingoje. Leo jioni aondoe udongo kwa vidole, taratibu, hata moyo uonekane. Ule usiooza bado waweza kupona.