Kiatu Kipana Kabla ya Soli ya Kupima
Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, ni nchi ya Wanyamwezi, waliosifika kwa upagazi hadi pwani. Hata leo miguu ni riziki. Nundu ya mfupa kwenye shina la kidole gumba si suala la urembo.

Soli ya ndani iliyochongwa kwa kipimo cha mguu hupunguza maumivu, lakini hainyooshi kidole. Ikitiwa katika kiatu chembamba, hubana zaidi. Wataalamu wanaoitengeneza hufundishwa Moshi, mbali na Tabora. Basi tusimwagize mgonjwa soli kabla ya kukitazama kiatu chake: kiwe kipana mbele na kisigino kifupi. Fundi viatu wa sokoni aweza kukitanua. Lakini mwenye kisukari au ganzi miguuni aende hospitali mapema, kabla nundu haijawa kidonda.