Gari jeusi la Kanyaruchinya: nilikosea, na si mimi peke yangu

Leo siji na habari. Nakuja na maoni, na maoni yenyewe yanaanza na kosa langu.

Ilikuwa mwaka 2023. Familia zilizokimbia vita kule Rutshuru zilikuwa zimejaa Kanyaruchinya, pembeni ya njia inayotoka Goma kwenda kaskazini. Vibanda vya shiti vilikaribia kabisa barabara, watoto wakicheza pale pale malori yanapopita. Siku hiyo, saa kumi za jioni, simu ikalia: mtoto amegongwa. Nikapanda mota, nikafika. Nikakuta umati wa watu na katikati yao gari jeusi, la chini, vioo vya giza, linang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Kioo cha mbele kilikuwa kimeshapasuliwa kwa mawe. Vijana walikuwa wamemshika shoferi shati. Nikauliza kumetokea nini. Watu kumi wakajibu pamoja: "Njo huyu! Bale ba motokari za bei habaonake mutu!"

Nikapiga simu redioni. Saa kumi na mbili nikaingia hewani, nikasema gari la kifahari limemgonga mtoto wa wakimbizi. Sikusema "inasemekana". Nilisema limemgonga.

Kesho yake nikaenda hospitali kumuona mtoto. Mama yake akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Papa, mwanangu aligongwa na mota iliyobeba magunia ya makala. Ilikimbia. Yule baba wa gari jeusi ndiye alisimama. Alitaka kutubeba. Walimkataza." Mguu wa mtoto ulikuwa umevunjika. Kwa sababu ya ile vurugu alifika hospitali saa mbili baadaye, tena juu ya mota, amepakatwa na mama, mguu unaning'inia.

Nilisoma marekebisho hewani jioni ile ile. Yalichukua muda usiofika dakika moja. Habari ya kwanza ilikuwa imeshazunguka kwa WhatsApp mpaka Bukavu, na hakuna aliyenitumia yale marekebisho akiniuliza kama nimeyasikia.

Sasa nauliza kwa nini niliamini haraka vile. Mimi nimesoma kazi hii. Nilifundishwa kuuliza watu wawili, watatu, kuangalia alama za matairi chini, kuangalia kama boneti imebonyea. Siku ile sikuangalia kitu. Gari lenyewe lilitosha kuwa shahidi. Kichwani mwangu picha ilikuwa tayari, na ninafikiri hata kwako wewe unayesoma iko.

Picha yenyewe tunaijua. Mwenye Mercedes au BMW, au hizi Toyota za chini zenye injini kubwa zinazotoka Japani, Mark X na Crown, huyo ni mwizi wa pesa za serikali. Kama si mwizi basi anauza koltani kwa njia za usiku. Kama hauzi koltani basi ni mtoto wa jenerali. Kama ni mwanamke anaendesha, hakuna hata anayeuliza, tayari amepewa na bwana wa mtu. Hasalimu, hafungui kioo, anamwagia mama muuza ndizi matope kisha anacheka. Na akigonga mtu, hasimami. Hayo yote tunayajua kabla hajashuka.

Si sisi tu. Majirani zetu wa Kenya na Tanzania, muda si mrefu baada ya uhuru, walipata neno la wakubwa wapya waliopanda Mercedes-Benz: Wabenzi, kana kwamba ni kabila lenye kijiji chake na babu yake. Hapa kwetu wazee wanasimulia mambo ya baada ya 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Wanakumbuka duka limebaki bila chumvi, na mwenye duka mpya anapita na Mercedes. Kwa hiyo hasira hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ina wazazi. Na siku hizi ukifika Nairobi utasikia vichekesho juu ya vijana wa Mark X wanaopita wengine hata kwenye kona, ingawa Toyota ilishaacha kutengeneza gari hilo tangu 2019.

Wazungu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha California, pale Berkeley, walichapa utafiti wao. Walisimama kwenye sehemu ya kuvukia watu kwa miguu wakaangalia nani anampisha anayevuka. Wenye magari ya bei ya chini kabisa walisimama wote. Wenye magari ya bei ya juu kabisa, karibu nusu yao hawakusimama. Nilipoisoma nilifurahi, nikasema basi sikukosea sana. Halafu nikaona hesabu: magari yote waliyoyaangalia pale yalikuwa 152. Kwa idadi hiyo, mimi nisingetaka mtu apigwe mawe.

Huko Finland, profesa Jan-Erik Lönnqvist wa chuo kikuu cha Helsinki na wenzake waliuliza wenye magari 1,892 juu ya tabia zao na magari yao. Walikuta kwamba wanaume wagomvi, wagumu kushauriwa, wasiojali wengine, wanapenda kweli kuwa na Audi, BMW na Mercedes. Hapo vijana wa Kanyaruchinya wangepiga makofi. Lakini kwenye utafiti huo huo, magari hayo hayo yalikuwa pia na watu wa aina nyingine, wanaume kwa wanawake: waangalifu, wenye kupanga mambo yao, wanaochagua gari kwa sababu linadumu. Mgomvi na mwangalifu wanakaa nyuma ya usukani wa namna moja. Kwa nje, kioo kikiwa cha giza, utawatofautishaje?

Tena barabara zetu si za Helsinki. Hapa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano. Nje ya njia chache zenye lami, gari la chini linateseka. Shoferi anaogopa jiwe moja lipasue karter na mafuta yote yamwagike, basi anatafuta palipo laini. Palipo laini ni wapi? Ni pembeni, pale miguu ya watu imeshasawazisha, pale mama anapita na bido ya maji mgongoni. Yeye mama anaona gari linamfuata. Shoferi anaona jiwe tu. Wote wawili watarudi nyumbani na hadithi, na hazitafanana.

Kuna na jambo la usukani. Nchi yetu inatembea upande wa kuume. Magari yanayotoka Japani yana usukani upande huo huo wa kuume, kwa sababu Japani wanatembea kushoto. Shoferi anayetaka kupita lori mbele yake haoni kitu mpaka atoe karibu nusu ya gari katikati ya njia. Anayekuja mbele anasema: tazama jeuri! Inaweza kuwa jeuri kweli. Inaweza pia kuwa mtu anachungulia. Na chukudu iliyojaa viazi inayoshuka kwa kasi haina muda wa kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Hata mali yenyewe tunaipima vibaya. Hizi gari za chini zinazong'aa, nyingi zinafika kwetu zimeshakula miaka kumi, kumi na tano, mahali pengine. Uliza bei, halafu uliza bei ya Land Cruiser iliyotumika. Mwenye pesa nyingi sana mjini hapa hasumbuki na gari la chini. Anapita juu ya mawe na jeep yake, na sisi tunasema tu "ni ya kazi".

Sisemi wenye magari haya ni malaika. Kama wewe ni yule aliyepita Ndosho siku ya mvua ukawaogesha akina mama na biashara yao, usije hapa kuomba nikutetee. Na wale wanaoshindana mwendo usiku kwenye lami kwa sababu lami yetu ni fupi na wanataka kuimaliza yote, wanajijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha hii inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mbele ya umati inamhukumu mwenye gari. Mbele ya polisi wa rulaji inamfungulia njia. Simama kwenye rond-point yoyote dakika kumi na tano uangalie filimbi inapigwa kwa nani. Wamotari wanasimamishwa, teksi inasimamishwa, papai za mama zinahesabiwa. Gari jeusi la vioo vya giza linapita, kwa sababu nani anajua ndani kuna mukubwa gani? Sheria ya barabara ya Agosti 1978 haiulizi gari ni la aina gani. Inayouliza ni hofu yetu. Basi yule jeuri wa kweli anajua kwamba gari lake ni kibali, naye anakitumia. Yule asiye jeuri analipa deni lake siku mambo yakiharibika, mahali ambapo hakuna polisi, kuna mawe tu.

Na yule wa mota ya makala? Hakuna aliyekumbuka hata rangi ya mota. Umati mzima ulikuwa pale, macho yote kwenye BMW. Nilirudi mara tatu kuuliza. Mmoja alisema nyekundu, mwingine alisema hakukuwa na mota. Mpaka leo mama yule hajapata mtu wa kumuuliza juu ya mguu wa mwanawe.

Ninyi mliopita kambini mnaijua habari hii kwa upande mwingine, na naomba mnisamehe nikiitaja. Mara ngapi kuku wa mtu alipotea mtaani, na mtu wa kwanza kutazamwa akawa yule anayelala chini ya shiti? Mara ngapi mwenye nyumba alikataa kupangisha kwa sababu "watu ya kambi wanaletaka fujo"? Siku ile Kanyaruchinya, waliorusha mawe walikuwa wenyeji na wakimbizi pamoja. Nilimuuliza kijana mmoja, yeye mwenyewe alikimbia Kibumba, kama aliona gari likigonga. Akasema: "Hapana, lakini niliona gari."

Kwa wenzangu wa redio nina ombi moja tu, nami nimeanza kulifuata. Aina ya gari tusiitaje mpaka iwe na maana katika habari. Tutaje mwendo, saa, mahali, kama taa zilikuwa zinawaka, kama kulikuwa na nafasi ya mtu wa miguu. Kwa ninyi mnaosimama njiani: kabla ya jiwe, plaki. Namba ya plaki inamfuata mtu mpaka nyumbani, hata akikimbia. Na ninyi wenye magari, mkifika mahali penye watoto na vibanda, shusheni mwendo, shusheni na kioo. Mtu akiona uso anasita kidogo, na hapo ndipo shoferi anapata nafasi ya kujieleza.

Shoferi yule nilimtafuta baadaye. Nilidhani nitapelekwa kwenye jumba la Himbi. Nilimkuta kwenye garaji ya mekanisie, amekaa juu ya mupira wa gari anakula muhindi. Gari ni la ndugu watatu, walichanga miaka minne. Kazi yake ni kubeba maarusi siku za Jumamosi, ndiyo maana linang'aa. Kioo cha mbele kilibidi kiagizwe Kampala, na kwa wiki tano hakuna arusi iliyombeba. Siku ya ajali alikuwa ametoka kumrudisha shangazi wa bibi arusi nyumbani kwake.

Nikamwomba radhi. Akakubali, akasema yeye mwenyewe angesikia redio angeamini. Ndipo nikamuuliza swali nililokuwa naogopa: kesho akimuona mtoto mwingine ameanguka njiani, atasimama?

Alitafuna muhindi wake mpaka ukaisha.

"Yaya," akasema, "nitapiga klakso ili watu waje. Kusimama, siwezi kukudanganya."