Usilale, Treni Imefika Saranda

Kuna sentensi ambayo nimeisikia tangu nasoma shule ya msingi Manyoni hadi leo nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kila inaposemwa sijaona mtu anaipinga: "Treni ikishatoka Dodoma, wewe lala. Utaamka Tabora. Hapo katikati hakuna kitu." Wanaisema wafanyabiashara wa dagaa wanaorudi Kigoma. Wanaisema wanafunzi wenzangu. Nimewahi kuisikia hata kwa msomi wa historia, tena darasani, na darasa zima likacheka. Mimi nimezaliwa hapo katikati. Leo naomba niipinge, na nitaipinga kwa kirefu.

Kilichonichokoza ni picha. Rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha sita alipata ufadhili wa kwenda kusoma Urusi, na kila likizo anapanda treni. Anatoka Moscow asubuhi, stesheni ya Yaroslavsky, na baada ya muda usiozidi sana saa moja na nusu yuko Sergiyev Posad, mbele ya Monasteri ya Utatu iliyoanzishwa na mtawa Sergius karne ya 14. Wiki nyingine yuko Rostov, nyingine Yaroslavl, nyingine Vladimir. Kuba za buluu zenye nyota, kuta nyeupe, theluji, chai ndani ya behewa. Kundi letu la WhatsApp linampigia makofi, na mimi nampigia pia, maana kijana wa Singida kufika huko si jambo dogo. Kisha mwenzetu mmoja akaandika chini ya picha: "Wenzetu wana historia." Watu ishirini na kitu wakaweka kidole gumba.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini.

Sina ugomvi na Urusi. Ugomvi wangu ni na neno "wana", kana kwamba historia ni mvua, inawanyeshea wengine na kutukosa sisi. Miji ile anayoizunguka rafiki yangu ina jina: Pete ya Dhahabu. Watu wengi hudhani jina hilo ni la kale, la wakati wa wafalme. Lilizaliwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwandishi mmoja, Yuri Bychkov, alizunguka miji mikongwe iliyo kaskazini mashariki ya Moscow akaandika makala mfululizo katika gazeti la Sovetskaya Kultura, akaiita miji hiyo kwa jina moja. Jina likashika. Vikafuata hoteli, vitabu vya kuongozea wageni, na safari za vikundi. Majengo yalikuwapo karne nyingi, lakini pete ilitengenezwa na mtu mwenye kalamu.

Na ilitengenezwa chini ya serikali isiyomwamini Mungu! Hili napenda lisemwe taratibu. Monasteri nyingi zilikuwa zimefungwa, nyingine zimefanywa maghala au magereza. Ile ya Mtakatifu Yevfimy pale Suzdal ilikuwa gereza kwa miaka mingi, na mwaka 1943 walizuiliwa humo maofisa wa Kijerumani waliotekwa Stalingrad, akiwamo Paulus mwenyewe. Serikali ya namna hiyo ilitazama kuta za watawa ikasema: hizi ni zetu, tuzioneshe. Sisi tunaojaza makanisa na misikiti kila wiki tunapita Kilimatinde tumelala.

Nimetaja Suzdal, na sitaiacha bado, kwa sababu ina siri ambayo rafiki yangu alinidokeza bila kujua uzito wake. Suzdal haina stesheni ya treni. Reli ilipojengwa karne ya 19 ilipita Vladimir ikauacha mji ule pembeni, na hadi leo ukitaka kwenda unashuka Vladimir unapanda basi. Biashara ilihamia relini. Suzdal ikasinzia, na kwa kusinzia ikabaki jinsi ilivyokuwa. Leo kusinzia huko ndiko kunakouzwa kwa tiketi.

Sasa njoo kwetu. Kilimatinde iko kusini mwa Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ukisimama kuelekea mashariki unaiona Ugogo yote imelala chini yako, rangi ya ngozi ya simba. Misafara iliyotoka pwani ilipanda ukingo huo. Wajerumani walipokuja wakaweka boma hapo, kwa sababu aliyeshika Kilimatinde alishika njia. Wamisionari wa Kianglikana wakafuata, na hospitali yao ipo hadi leo. Halafu ikaja Reli ya Kati. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli haikupita Kilimatinde. Ilipanda ukingo kwa upande wa Saranda, ikatokea Manyoni, na leo makao ya wilaya yako Manyoni. Kilimatinde ikaachwa juu pale na upepo wake.

Hadithi ni ileile. Kule iliitwa bahati, huku inaitwa "hakuna kitu".

Mwaka 2006 Tanzania yenyewe iliiandikisha UNESCO, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Iliandikishwa kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Chukua ramani, msomaji, uweke kidole. Kwa Mamboya, milimani Ukaguru, unashuka Kilosa na kuendelea kwa gari. Kwa Mpwapwa unashuka Gulwe. Kwa Kilimatinde unashuka Manyoni. Kwihara iko nje kidogo ya Tabora. Ndiko liliko tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ujiji iko pua na mdomo na Kigoma. Ukiondoa Bagamoyo, vituo vyote vinafikika kutoka kwenye reli moja ambayo imelala hapo zaidi ya miaka mia moja. Pete yetu imekwishachorwa. Wanaopita juu yake ndio wamefunga macho.

Nilipanda bodaboda kwenda Kilimatinde Desemba iliyopita kwa ajili ya utafiti wangu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mti alipokea shikamoo yangu akaniuliza nimekuja kumwona mgonjwa gani. Nikamwambia sijaja hospitali, nimekuja kuona njia ya misafara. Akanitazama sana. "Mjukuu wangu," akasema, "wanakujaga Wazungu kuuliza hiyo. Wewe wa hapahapa?" Kisha akainuka na fimbo yake, akanitembeza karibu saa mbili, akinionesha palipokuwa na nini na nani alizikwa wapi, kwa uhakika wa mtu anayeonesha mipaka ya shamba lake. Sikuona kibao hata kimoja cha kumsaidia. Kibao kilikuwa ni yeye.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimekwishajibiwa mara nyingi. Kwanza, kwamba kule kuna monasteri na huku kuna vichaka. Vichaka! Kichaka cha Itigi wataalamu wa mimea wanakifahamu kwa jina, kwa kuwa uoto wa namna ile haupatikani ovyo duniani. Na msitu huo huo una jina la zamani zaidi. Kati ya Ugogo na Unyanyembe misafara iliita nchi hiyo Mgunda Mkali, yaani shamba kali, kwa sababu ya ukame wake. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, nao wakaiandika vitabuni na kupata sifa. Wapagazi waliowabebea mizigo waliivuka mara kumi, mara ishirini, na hawakuandika chochote, ila ndio waliojua kisima kiko wapi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru wenye ujira, waliojivunia kazi yao kiasi kwamba kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Mimi hata lile jina la orodha ya 2006 nalionea shaka kidogo: linamwona mtumwa na pembe, halimwoni pagazi. Njia ile ilikuwa na minyororo, ndiyo. Ilikuwa pia na nyimbo, mikataba na migomo ya wabeba mizigo. Mtu anayesafiri akiwa macho angeyapata yote mawili.

Na monasteri? Tusidanganywe na kuba. Monasteri ni mahali watu walipokaa kimya wakasali, wakafundisha, wakatibu, wakanakili vitabu. Bagamoyo kuna misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu tangu 1868. Mji huohuo ulikuwa na zawiya ya Sheikh Ramiya, wa tarika ya Qadiriyya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani utumwani akiwa mtoto kutoka Manyema, akafa akiwa sheikh ambaye wajukuu wa mabwana walikuja kumbusu mkono. Njia iliyomleta ni hii hii, ilipita Kilimatinde. Nioneshe kuta nyeupe zenye hadithi kubwa kuliko hiyo, nami nitanyamaza.

Jibu la pili huwa la watu wenye huruma: historia ya utumwa si ya kutembelea kwa starehe. Naliheshimu. Lakini gereza la Suzdal linatembelewa, na anayelitembelea hajawacheka wafungwa.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwa watu wenye haraka: muda wa treni za kusimamasimama umepita, sasa ni SGR. Nimeipanda treni ya umeme tangu ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na nimefurahi kama mtu mwingine yeyote. Naitaka ifike. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kinajengwa, na siku kitakapofunguliwa nitakuwa kwenye foleni ya tiketi. Lakini madirisha ya treni ile hayafunguki. Njia yake imezungushiwa uzio. Mama yangu alinisomesha kwa madirisha yanayofunguka. Alikuwa akiteremka Saranda na beseni la kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, usiku au alfajiri, kutegemea safari ilianza saa ngapi, na katika dakika zile chache treni iliposimama alikuwa amekimbia mabehewa manne, amerudisha chenji gizani bila kukosea. Ada yangu ya kidato cha tano ilipita dirisha la daraja la tatu. Kwa hiyo ninaposema "Usilale, treni imefika Saranda", nasema jambo la tumbo pia.

Mkoa huu unajua reli inavyoweza kuondoka. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri. Miaka ya 1940 wakaling'oa, wakaondoka na vyuma vyao. Hatujui kuomboleza reli, basi tukasahau. Nina hofu kwamba siku treni ya zamani itakapokuwa haina faida kwa hesabu za mezani, stesheni kama Saranda na Itigi zitasahauliwa vilevile, na atakayeuliza ataambiwa: hapo katikati palikuwa hakuna kitu.

Ninachodai si kikubwa. Behewa moja, mara moja kwa mwezi, kwenye reli ileile ya mita moja. Liondoke Dar es Salaam lisimame mchana Gulwe, Manyoni na Tabora, saa za kutosha mtu kwenda Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara akarudi. Vijana waliomaliza kidato cha sita na kukosa ajira wafunzwe kuongoza wageni, wafunzwe na wazee kama yule wa Kilimatinde wangali hai. Nauli iwe ya mwalimu wa sekondari. Treni ya kifahari ya Rovos Rail kutoka Afrika Kusini imekuwa ikileta wageni wake hadi Dar es Salaam kwa njia ya TAZARA, na watu hao hulipa fedha nyingi mno ili wakae ndani ya behewa na kutazama nchi yetu dirishani. Hapo hakuna aliyesema muda wa treni umepita.

Kuhusu kalamu, hilo halihitaji bajeti. Bychkov hakusubiri wizara. Aliandika. Sisi tunaosoma historia, lugha na fasihi katika vyuo hivi tunaandika tasnifu ambazo zitasomwa na wasahihishaji watatu, kisha zitafungwa kabatini. Nimeamua sura ya pili ya tasnifu yangu niiandike upya kwa Kiswahili cha kueleweka, kituo kwa kituo kuanzia Gulwe hadi Kwihara, na kuibandika bure mahali ambapo mtu aliye ndani ya behewa anaweza kuisoma kwenye simu. Nimekwishamaliza Kilimatinde. Rafiki yangu wa Urusi ameomba nimtumie, anasema atakuja Agosti na wenzake wawili wa huko. Nimemwambia washuke Manyoni, wasithubutu kulala, na waje na chenji ndogondogo, maana mama bado anauza.