Barua kwa mtoto wa ndugu

Mama wapendwa,

Juma lililopita, baada ya kufunga hesabu ya likelemba, tulibaki kidogo tukasikiliza muziki kwenye simu ya binti wa mwenzetu anayesoma Kiingereza. Ni albamu ya jazi kutoka Marekani, "No More Water: The Gospel of James Baldwin". Iliyotunga na kupiga gitare la besi ni mama mmoja anayeitwa Meshell Ndegeocello. Jina hilo alijichagulia mwenyewe akiwa kijana. Anasema kwa Kiswahili maana yake ni huru kama ndege. Tulicheka! "Ndege" tulimtambua mara moja, lakini hiyo "ocello" hakuna aliyeijua. Hata hivyo tulifurahi kwamba msichana wa mbali, alipotafuta jina la uhuru, alipiga hodi kwenye lugha yetu.

Muziki wenyewe ni mchanganyiko: jazi, fanki, sauti zinazofanana na za korali yetu, na mshairi mzaliwa wa Jamaika, Staceyann Chin, anayesema maneno yake kwa ukali bila kuimba. Lakini kilichotugusa zaidi ni kitabu kilichozaa nyimbo hizo.

James Baldwin alizaliwa Harlem, mjini New York, mwaka 1924. Albamu ilitoka tarehe 2 Agosti 2024, siku ambayo angetimiza miaka 100. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 9, na alisaidia kulea wadogo zake. Mwaka 1963 alitoa kitabu "The Fire Next Time". Kinaanza na barua kwa mtoto wa ndugu yake, kijana aliyeitwa James kama yeye. Miaka 100 ilikuwa imepita tangu tangazo la kuwaacha huru watumwa, lakini watu weusi walikuwa bado wanabaguliwa.

Baba mkubwa huyo hakumficha kijana kitu. Alimweleza wazi kwamba nchi yake imemwekea mpaka kwa sababu ya rangi. Akamwonya asiyaamini maneno ya wanaomdharau, maana kuyaamini ndiko kuangamia. Akamkumbusha kwamba alizaliwa akipendwa. Kisha akamwomba awapokee kwa upendo hata hao wanaomdharau.

Hapo maneno yakawa mengi. Mwenzetu mmoja aliyekimbia kijiji chake alisema: "Hiyo ya mwisho mimi siwezi. Mtoto wangu aliona nyumba ikiungua." Mwingine akamjibu: "Basi, mama, mwambie ile ya kwamba anapendwa. Hiyo nyingine itangojea." Hatukumlazimisha mtu, na hatutamlazimisha.

Ila jambo moja tulikubaliana. Watoto wetu wanasikia mengi njiani na shuleni: matusi juu ya kabila lao, juu ya kukimbia kwao, juu ya umaskini wetu. Tunahangaika kuwapatia chakula na pesa ya shule, lakini yale matusi tunayaacha bila jibu. Mtoto asiposikia jibu nyumbani, atadhani ni kweli.

Kwa hiyo, tunaombana kila mama aandike barua fupi kwa mtoto wake, au kwa mtoto wa ndugu aliye mbali. Asema ukweli wa yaliyotupata, kwa kadiri ya umri wa mtoto. Amtajie neno baya asilopaswa kuliamini. Amweleze alipokelewa namna gani siku alipozaliwa, na nani alimbeba. Asiyejua kuandika, binti yetu atamwandikia, au arekodi sauti kwenye simu.

Tuzilete kwenye mkutano ujao. Hakuna barua itakayosomwa bila ruhusa ya mwenyewe. Yule mwenzetu aliyesema hawezi, kabla ya kwenda nyumbani aliomba karatasi 2 kwenye daftari la kikundi.

Mbaki salama, na mtusalimie watoto.