UCHANGANUZI: Je, ada ya matengenezo kwa pikipiki ya umeme ya kukodi ina faida?

WAHUDUMU wa bodaboda wanaosubiri abiria karibu na soko la Toi, Kibera, na wenzao wa steji ya Congo, Kawangware, wamezoea gharama mbili kila uchao: petroli na pesa za mwenye pikipiki. Kwa waliohamia pikipiki za umeme, petroli imetoweka katika hesabu hiyo na mahali pake pamechukuliwa na ada ya kubadilisha betri. Hata hivyo, anayetia saini mkataba wa kukodi huenda akakumbana na swali la tatu: je, yuko tayari kulipia pia huduma ya matengenezo?

Kwa mtu anayetafuta riziki siku baada ya siku, swali hili si dogo. Tuchukulie kuwa ada hiyo ni Sh50 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni Sh1,300 kwa mwezi na Sh15,600 kwa mwaka. Je, anapata nini?

Waliohama walikuwa na sababu. Mnamo Septemba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilivuka Sh200 kwa mara ya kwanza na kufikia Sh211.64. Mapema mwaka huohuo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilikuwa imeweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari na pikipiki: Sh16 kwa kila uniti, na nusu ya hiyo nyakati ambapo matumizi ya umeme nchini yamepungua, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Lakini unafuu wa nishati ni jambo moja, na ubora wa mkataba wa matengenezo ni jambo jingine kabisa.

Yafaa kwanza tutazame kinachoharibika. Pikipiki ya petroli humgharimu mwenyewe kidogo kidogo: oili ya injini, plagi, kichujio cha hewa, klachi, na siku moja ringi za pistoni. Ya umeme haina hata kimoja kati ya hivyo. Kinachosalia ni tairi, pedi za breki, beringi, nyaya, na cheni kwa zile zilizo nayo. Vijia vya Gatwekera na Laini Saba, hasa wakati wa masika, humaliza tairi bila kujali iwapo chombo kinatumia petroli au umeme. Hivi ndivyo vitu ambavyo fundi wa jua kali pale Kawangware hubadilisha kwa muda mfupi, kwa bei inayojulikana na inayoweza kujadiliwa. Ni vitu hivihivi ambavyo ni rahisi kuachwa nje ya mpango wa matengenezo, kwa hoja kuwa huchakaa kwa matumizi ya kawaida. Asiyesoma ukurasa wa mwisho wa mkataba atalipa mara mbili.

Betri nayo, ambayo ndiyo sehemu ghali zaidi, mara nyingi si mali ya mwendeshaji. Katika mfumo wa kampuni kama vile Ampersand, iliyoanzia Rwanda, au Spiro, mwendeshaji hufika kituoni, huacha betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Betri ikizeeka, hasara ni ya kampuni. Kwa hiyo mpango unaojigamba kwamba utamkinga mwendeshaji huyu dhidi ya kufa kwa betri unamuuzia kinga ambayo tayari anayo. (Mwenye betri yake mwenyewe, anayeichaji nyumbani, ana hesabu tofauti, na katika sehemu za Kibera ambako umeme huunganishwa kiholela, hiyo ni hatari ya aina nyingine.)

Kunabaki mota na kile kisanduku cha elektroniki kinachodhibiti mwendo wake. Hapa fundi wa mtaani hukwama. Anaijua Boxer kama kiganja cha mkono wake, lakini kisanduku kile kimefungwa, na kukikagua huhitaji programu za kompyuta ambazo ni za kampuni. Kinapoharibika hakuna njia ya mkato. Waama, hiki ndicho kitu pekee kinachostahili mkataba. Lakini hiki pia ndicho ambacho waranti ya muuzaji inapaswa kukilinda katika kipindi cha mwanzo, kwa hivyo kulipia ada mwaka wa kwanza pasipo kuuliza waranti inaishia wapi ni kujitwisha mzigo wa mwingine.

Kwa maoni yetu, suala zito hapa si vipuri bali muda. Pikipiki ikilala karakanani siku tano, nani anabeba siku hizo? Ikiwa malipo ya kukodi ni Sh500 kwa siku, mwendeshaji atakuwa na deni la Sh2,500 kwa chombo ambacho hakukigusa, juu ya mapato aliyopoteza na watoto waliohitaji kula. Fundi wa kampuni hata akifanya kazi bila kudai senti, hasara hiyo iko palepale. Mkataba unaosimamisha malipo pindi chombo kinapoingia karakanani, au unaompa mwendeshaji pikipiki nyingine ya muda, unastahili Sh50 hizo. Usiofanya lolote kati ya hayo haustahili.

Kwamba jambo hili linawezekana, tayari tumeliona katika sekta ya matatu. Kampuni ya BasiGo, iliyoleta mabasi ya umeme Nairobi mnamo 2022, ilianza kwa mpango ambapo mwenye basi hulipa kwa kila kilomita, na ndani ya malipo hayo mna betri, kuchaji na matengenezo. Basi lisipotembea, hesabu ya kilomita haisongi. Mwenye karakana ana hamu ya basi kurudi barabarani kama aliyonayo mwenye basi. Anayelipa ada ya kila siku, chombo kitembee kisitembee, hana mshirika wa aina hiyo.

Aidha, ahadi ya matengenezo haiwezi kuishi kuliko kampuni iliyoitoa. Nopea Ride iliendesha teksi za umeme jijini Nairobi kuanzia 2018, ikitumia magari kama Nissan Leaf, na ikafunga milango mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama nchini Finland kufilisika. Ndiyo maana ada inayolipwa kwa siku au kwa wiki ni salama kuliko ya mwaka mzima inayodaiwa mapema, hata kama ya mwaka imepunguzwa bei.

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu. Na kwa aliye katika mpango wa kulipa polepole hadi pikipiki iwe yake, Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, inasema kuwa akishalipa thuluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kuitwaa bila kwenda mahakamani. Basi na aulize: je, pesa za matengenezo zinahesabiwa ndani ya bei hiyo au ziko kando? Zikiwa kando, anaweza kulipa miezi mingi huku thuluthi hizo zikibaki mbali. Anayekodi tu, bila ahadi ya kumiliki, hana kinga hiyo, na ana sababu ndogo zaidi ya kugharimia afya ya mali ya mwingine.

Kuna waendeshaji ambao watafanya vyema kuzipeleka Sh50 hizo katika chama cha steji. Steji nyingi tayari huchanga kwa ajili ya ajali na mazishi. Kuongeza kapu la tairi na breki si jambo gumu, na kisichotumika mwezi huu husalia kuwa chao. Chama hakiwezi kufungua kile kisanduku cha elektroniki. Lakini kinaweza kutuma mtu mmoja anayesoma vizuri aende na mwenzake siku ya kutia saini, auulize wakala swali la siku tano za karakanani, na asikubali jibu la mdomo.