Lenzi za Baba Kabatini

Mwezi huu tunaomba tuweke pembeni habari za chanjo na lishe, tuzungumzie kitu kidogo kilichotukosesha usingizi nyumbani kwetu kwa wiki tatu. Ni pete ya chuma inayoitwa adapta. Kazi yake ni kuifunga lenzi ya kamera moja kwenye kamera nyingine ambayo lenzi hiyo haikutengenezewa. Huenda mama mwingine akasema hayo ni mambo ya vijana wa studio. Nasi tulisema hivyo hivyo. Lakini nyumba nyingi zina kamera ya zamani iliyofungwa kwenye mfuko wa ngozi juu ya kabati, na nyumba nyingi zina kijana anayetafuta riziki kwa kupiga picha. Siku moja kijana huyo ataifungua ile kamera, na mama ataulizwa neno.

Baba yetu mzazi alikuwa mpiga picha. Miaka ya 1980 alizunguka na kamera begani, leo ubatizo, kesho harusi, keshokutwa picha za vitambulisho. Alianza na Zenit iliyotengenezwa Urusi ya enzi zile, nzito kama tofali, na baadaye akapata Canon AE-1 ambayo aliipenda karibu sawa na sisi watoto wake. Alipofariki, mama alikusanya vyote katika sanduku la bati: Canon na lenzi zake tatu, Zenit na lenzi yake moja. Kila Krismasi alizifuta vumbi kwa kitambaa laini, akazirudisha.

Kijana wetu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne alirithi ugonjwa wa babu yake. Tulijikusanya, tukamnunulia kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika, Canon EOS, ikiwa na ile lenzi ya plastiki ya kuanzia. Nje mchana kamera ilikuwa haina neno. Ndani ya ukumbi jioni, picha zilitoka nyeusi, au wachezaji walitoka kama vivuli vinavyokimbia. Akiwasha flashi, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta na nyuma kunakuwa giza. Sababu ni kwamba tundu la kupitisha mwanga katika lenzi hiyo ni dogo. Alihitaji lenzi yenye tundu kubwa, na bei ya mpya ilitufanya tunyamaze mezani.

Ndipo baba watoto akasema, "Mbona za babu yake zipo? Canon na Canon ni ndugu." Lilionekana neno la hekima. Kwa kweli lenzi ya baba haikuingia kwenye kamera mpya, lakini muuzaji mmoja mjini alisema hiyo si shida, akatuuzia adapta. Tuliona ina kipande cha kioo katikati, tukadhani ndiyo ubora wenyewe. Lenzi ikaingia, ikajifunga kwa mlio mzuri. Tukafurahi.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuwa na kazi, sherehe ya kumuaga binti wa jirani zetu. Alirudi usiku amenyamaza. Asubuhi tulipotazama picha, binti yule alikuwa kama amekaa ndani ya chandarua. Kila taa ilikuwa na ukungu kuizunguka. Picha chache alizopiga mlangoni kwenye mwanga, tundu likiwa limebanwa, zilitazamika. Za meza kuu hazikufaa hata moja. Mama wa binti ni mtu mstaarabu, hakupaza sauti. Alimwuliza tu kijana, "Mwanangu, siku hii itarudi lini?"

Tulirudisha malipo ya awali, na yaliyobaki hatukuyadai. Fedha hizo tulikuwa tumeshazipangia ada ya mdogo wake. Nyumbani tukalaumiana: sisi tulimlaumu kijana kwa haraka zake, kijana akalaumu lenzi za babu, na katikati ya maneno hayo akapita mnunuzi wa vitu chakavu, akaliona sanduku, akataja bei ya kuku wawili. Tunaona aibu kuandika kwamba tulikubali. Aliyekataa ni mama yetu, aliyekuwa kimya akichambua mchele.

"Mume wangu," alimwita mjukuu wake, kama bibi wanavyowatania wajukuu, "na hii ya Kirusi umeijaribu?"

Kijana alicheka. "Bibi, hiyo si Canon."

"Na hizo za Canon zimekusaidia nini?"

Basi tuliibeba hadi kwa mzee mmoja ambaye ni fundi wa kamera, si yule muuzaji. Alitueleza kwa kutumia rula, na tutajaribu kuyarudia aliyoyasema.

Mnakumbuka tukiwa wadogo tulivyochoma karatasi juani kwa kioo cha kukuza? Ulipaswa kukiinua na kukishusha mpaka ile nuru iwe nukta moja kali. Ukikishika juu zaidi au chini zaidi, nukta inapanuka, karatasi haiungui. Lenzi ya kamera ni vivyo hivyo. Kila mtengenezaji ameamua umbali wake kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapokaa, hadi mahali picha inapoangukia, zamani ikiwa filamu na siku hizi kifaa cha elektroniki. Lenzi hutengenezwa kwa umbali huo, na haubadiliki hata nywele.

Lenzi za zamani za Canon, zile zinazoitwa FD zilizoanza mwaka 1971, zilitengenezwa kwa umbali wa milimeta 42. Mwaka 1987 Canon walibadilisha mdomo wa kamera zao ili lenzi iwe na mota yake ya kulenga na izungumze na kamera kwa umeme, wakaweka umbali wa milimeta 44. Kamera ya kijana wetu ni ya ukoo huu wa pili. Sasa fanyeni hesabu. Lenzi ya baba inataka ikae milimeta 42 kutoka pale picha inapoangukia, lakini kamera yenyewe tayari ina 44 kabla hata hujaweka adapta. Ingebidi lenzi izame milimeta mbili ndani ya kamera, na hakuna fundi awezaye kutengeneza pete yenye unene chini ya sifuri. Ukiweka pete tupu, vitu vya karibu utavilenga, ila vya mbali havitakuwa vikali kamwe. Ndiyo maana wakaweka kioo, kiivute picha mpaka ifike. Kioo hicho hukuza picha kidogo na kula mwanga, na kikiwa cha bei ndogo hutia ukungu, hasa tundu likifunguliwa lote. Nasi tuliifungua yote, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na giza.

Ile ya Kirusi je? Hiyo ni Helios 44-2, ya milimeta 58, nayo hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Mafundi huita aina hiyo ya mdomo M42, kwa kuwa upana wake ni milimeta 42. (Hii 42 ni ya upana, msiichanganye na ile ya umbali, sisi tuliichanganya mara mbili mbele ya mzee.) Umbali wake ni milimeta 45.46. Toa 44, inabaki nafasi ya milimeta moja na nusu hivi, inayotosha kuweka pete nyembamba ya chuma isiyo na kioo chochote. Lenzi za Nikon za zamani, ambazo umbali wake ni 46.5, nazo huingia kwenye Canon hiyo kwa pete ya namna hiyo. Kumbe mgeni alikuwa na nafasi, na ndugu wa jina moja hakuwa nayo.

Sisi wauguzi tumezoeshwa vizuri mno katika jambo hili. Sindano ya kiwanda kimoja huingia kwenye bomba la kiwanda kingine, kwa sababu ile ncha inayochongoka ilikubaliwa duniani kote iwe na mwinamo wa asilimia 6. Watengenezaji wengi wa kamera hawakukubaliana hivyo. Hata hospitalini tumejifunza kwamba kitu kuingia si lazima kifae. Imewahi kutokea mahali mbalimbali duniani mrija wa chakula ukaunganishwa na mshipa wa damu kwa kuwa tu viliingiana, na ndiyo maana viungio vya mirija ya chakula vya miaka ya karibuni vimeundwa visiingiane na vya mishipa. Tulikuwa tunalijua hilo kazini, na bado tuliusikia ule mlio mzuri wa adapta tukadhani kazi imekwisha.

Mzee alitupatia pete, na bei yake haikufika hata nusu ya ile yenye kioo. Kijana alimweka bibi yake mlangoni jioni, akazungusha pete ya kulenga kwa mkono, polepole, akikuza picha kwenye skrini ya kamera mpaka akaona kope. Lenzi hii haina mota, na kamera haiijui kabisa. Kulenga ni mkono, kufungua na kubana tundu ni mkono. Lakini tundu lake hufunguka hadi namba 2, na ile ya plastiki ikivutwa mwisho huishia 5.6. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na kwa hesabu ya fundi mwanga unaopita ni karibu mara nane. Picha ilitoka. Kila mkunjo wa uso wa mama yetu ulionekana, na majani ya mgomba nyuma yake yalikuwa yamezunguka kama maji yanayokorogwa, jambo ambalo lenzi hizo zinajulikana kwalo. Mama aliitazama muda mrefu. Alisema baba alikuwa akimpiga picha hivyo, nyuma kukiwa kama kunazunguka, naye alidhani ni kosa la kusafisha filamu.

Kwa mama ambaye kijana wake anataka kununua adapta, tunashauri aende dukani na kamera pamoja na lenzi, siyo na jina la lenzi kwenye karatasi. Aifunge, atoke nje, aelekeze kwenye kitu cha mbali sana, mnara au mlima, azungushe mpaka mwisho. Kitu hicho kisipokuwa kikali, asilipe. Atazame kama lenzi inacheza ikishaingia, na atazame katikati ya pete kama kuna kioo. Kwenye kamera zenye kioo kinachopanda na kushuka ndani, kama hii yetu, achungulie pia mkia wa lenzi: kuna lenzi ambazo mkia wake huingia ndani sana, kioo kikipanda kinagonga, na hiyo ni gharama nyingine. Ajue pia kwamba lenzi ya milimeta 58 kwenye kamera kama ya kijana wetu huona sehemu ndogo tu, kana kwamba ni ya 93. Ni nzuri kwa nyuso. Kwa picha ya ukoo mzima sebuleni atagonga mgongo ukutani kabla shangazi hawajaenea.

Na zile FD tatu? Hazikufa. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani ni nyembamba sana: umbali wa Sony aina ya E ni milimeta 18, na wa Canon R zilizotoka mwaka 2018 ni milimeta 20. Hapo lenzi ya 42 ina nafasi tele, na adapta yake ni bomba tupu la chuma lenye urefu wa milimeta 20 na kidogo. Inabidi tu kamera iamriwe kwenye menyu ikubali kupiga bila kuitambua lenzi, la sivyo itagoma, na kijana atadhani ameuziwa kitu kibovu. Kamera ya namna hiyo bado hatuna. Tumeanza kuweka akiba.

Wakati tukingoja tumeziondoa kwenye mifuko ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na lenzi mbili zimeanza kuota ukungu mdogo kama utando wa buibui pembeni. Fundi atazisafisha. Tumezihamishia kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge. Tafadhali msivitoe kwenye makopo ya dawa ambayo bado inatumika, na watoto wasivichezee.

Wiki iliyopita kijana alikwenda mwenyewe kwa yule mama jirani. Binti yake na mume wanakuja kuwasalimu wazazi mwisho wa mwezi, naye aliomba awapige picha za familia bila malipo. Mama yule alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Amekubali, ila amesema siku moja kabla aje na ile lenzi, ampige yeye kwanza, aione picha.