Wazee Wetu Wasipewe Antibiotiki kwa Mazoea

Katika familia nyingi mzee akianza kukohoa au kukojoa mara kwa mara, mtoto hukimbilia dukani kununua vidonge vya antibiotiki. Nia ni njema. Lakini sisi wauguzi tunasema wazi: desturi hiyo inawaumiza wazee wetu, hasa waliodhoofika.

Figo za mtu wa miaka 80 hazichuji dawa kama za kijana. Kipimo kinachomfaa mjukuu chaweza kujazana mwilini mwa babu na kumdhuru. Sindano za gentamaisini zisipopangwa vizuri huharibu figo na masikio. Siprofloksasini yaweza kukata kano za kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya jambo hilo, na waliopita miaka 60 wamo katika hatari kubwa zaidi.

Tena wazee wengi wana dawa nyingine. Septrin ikikutana na glibenklamaidi ya kisukari, sukari yaweza kushuka hata mzee akazimia. Ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aweza kuvuja damu.

Je, tuwanyime dawa? La hasha! Nimonia huua wazee upesi, na antibiotiki huokoa maisha. Tunachopinga ni mazoea, hata kwetu sisi watoa huduma. Bakteria wakionekana katika mkojo wa mzee asiye na homa wala maumivu, hiyo pekee si sababu ya kumwandikia dawa. Na mzee akichanganyikiwa, huenda amepungukiwa maji au sukari imeshuka. Apimwe kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba haya. Mnapomleta mzee, tieni dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za kienyeji. Tuambieni dawa iliyowahi kumdhuru. Tuulizeni: dawa hii inatibu nini, ni ya siku ngapi, na figo zake zinaiweza? Msimpe vidonge vilivyobaki kwa mgonjwa mwingine. Akiharisha sana, akitoka vipele au akiumwa kisigino, mrudisheni siku hiyo hiyo.

Tunajua gharama ya vipimo ni mzigo kwa familia. Lakini figo zikiharibika, mzigo huwa mkubwa zaidi, na anayeubeba kwanza ni mzee mwenyewe.